Matuta ya Uluguru

Sisi tupigao chapa amri za wakubwa yatupasa kuikumbuka habari ya Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema. Lakini kule udongo wenye rutuba ni tabaka nyembamba tu, na jembe likaufukia, ukatokea wa chini usiootesha kitu. Wakulima walilinena hilo, wasisikizwe. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Tangu 1984 Morogoro ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Basi naona kila faili la utafiti wa milima hii litiwe kwanza karatasi ya maneno ya mwenye shamba, ndipo ifuate sahihi ya bwana mtaalamu.