Soko la dawa za kisukari linahama, mzazi wa mtoto anayechoma insulini ajipange

Siku ya kliniki, mzazi wa mtoto mwenye kisukari huamka kabla ya adhana. Daftari la vipimo linaingia kwenye mkoba, kipima sukari kinafuata, kisha chupa ya chai isiyo na sukari na kitambaa cha kulowesha maji ili insulini isipate joto njiani wakati wa kurudi. Kwenye daladala huwa ana swali moja tu kichwani: leo dawa ipo?

Jibu la swali hilo halianzii kwenye dirisha la dawa. Linaanzia kwenye vikao vya kampuni zilizoko Denmark, Marekani na Ufaransa. Humo ndimo huamuliwa kiwanda kitengeneze nini mwaka huu na kiache nini. Kwa sasa vikao hivyo vina biashara mpya inayowavutia kuliko insulini.

Kampuni tatu, kichupa kimoja

Insulini ni dawa ya zamani. Iligunduliwa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Wagunduzi waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa chuo hicho kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa imfikie kila anayeihitaji.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, kampuni tatu ndizo zinazoshika zaidi ya asilimia 90 ya thamani ya soko la insulini duniani: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa. Wauzaji wakiwa wachache kiasi hicho, uamuzi wa mmoja wao hugusa nchi nyingi kwa mara moja.

Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, insulini haina mbadala. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kutosha, au halitengenezi kabisa. Akikosa sindano, ndani ya siku chache damu inaweza kujaa asidi na maisha yake yakawa hatarini. Hapo ndipo anapotofautiana na bibi yake mwenye kisukari cha aina ya pili, ambaye mara nyingi huanza na vidonge vya metformin, dawa iliyotumika tangu mwaka 1957 na ambayo sasa inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ndogo.

Nyumba moja, wagonjwa wawili. Soko haliwatazami kwa jicho moja.

Fedha zimehamia kwenye sindano ya wiki

Kilichobadilisha soko ni dawa za kundi linaloitwa GLP-1. Zinaiga homoni ya utumbo inayoamsha kongosho baada ya chakula na kuuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Ya kwanza, exenatide, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ozempic, yenye dawa ya semaglutide inayochomwa mara moja kwa wiki, ikafuata Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili.

Watumiaji wakapungua uzito, na biashara ikalipuka. Semaglutide hiyohiyo ikaidhinishwa kwa jina la Wegovy mwaka 2021 kwa ajili ya unene. Eli Lilly nayo ikaja na tirzepatide, inayouzwa kama Mounjaro kwa kisukari tangu 2022 na Zepbound kwa unene tangu 2023.

Hesabu za mwaka 2024 zinaonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Ozempic peke yake iliiingizia Novo Nordisk takriban krona bilioni 120 za Denmark, fedha nyingi kuliko insulini zote za kampuni hiyo zikiwekwa pamoja. Eli Lilly ilipata zaidi ya dola bilioni 16 kutoka Mounjaro na Zepbound, zaidi ya theluthi ya mauzo yake yote ya mwaka huo.

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angeelewa kinachofuata. Duka likiwa na nafasi moja na bidhaa mbili, nafasi hupewa ile inayotoka haraka kwa faida kubwa.

Funzo la Afrika Kusini

Mwaka 2024 wagonjwa wa hospitali za umma Afrika Kusini walianza kukosa kalamu za insulini walizozizoea. Mkataba wa Novo Nordisk wa kuzisambaza ulikuwa umekwisha, na kampuni hiyo haikuomba kuendelea, ikieleza kwamba uwezo wake wa uzalishaji una kikomo. Serikali ikalazimika kuwarudisha wengi kwenye vichupa na mabomba ya sindano.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtoto. Kalamu huzungushwa hadi namba inayotakiwa, ikasikika mlio, mtoto wa darasa la nne akajichoma mwenyewe chooni shuleni. Kichupa kinahitaji macho mazuri, mkono uliotulia na mtu anayejua kusoma mistari ya bomba. Bibi mwenye ukungu machoni hawezi kumsaidia mjukuu wake kwa uhakika.

Kampuni hiyo ilishatangaza kwamba inaachana polepole na kalamu za insulini ya kawaida, ile inayofanana na ya mwilini, huku ikiendelea na vichupa. Kwa Tanzania na Kenya, ambako vichupa ndivyo vilivyozoeleka katika hospitali za umma, mshtuko unaweza kuwa mdogo. Hata hivyo, ujumbe kwa mzazi ni uleule: aina ya dawa anayotumia mtoto leo inaweza kubadilika bila yeye kuulizwa.

Upo upande wa matumaini. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umekuwa ukiwapa watoto wa nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania na Kenya, insulini bila malipo kupitia kliniki zilizoteuliwa. Mwaka 2022 Eli Lilly ilikubaliana na kampuni ya Eva Pharma ya Misri kutengeneza insulini kwa ajili ya nchi za kipato cha chini, nyingi zikiwa za Afrika, kwa lengo la kufikia watu milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Mwaka 2023 Novo Nordisk nayo iliingia makubaliano na Aspen ya Afrika Kusini ili vichupa vijazwe hukohuko.

Msaada lakini una mwanzo na mwisho. Mtoto akikua na kutoka kwenye umri unaokubalika na mpango, hitaji la insulini linabaki palepale. Familia zinazopanga mapema ndizo zisizoshtuka siku hiyo.

Kwa bibi, bei inaelekea kushuka

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, upepo unavuma vizuri zaidi. Hataza, yaani haki ya kampuni moja kuuza uvumbuzi wake bila mshindani, zinaendelea kumalizika.

India, inakotoka sehemu kubwa ya dawa za Afrika Mashariki, ilianza kutengeneza nakala za dapagliflozin mwaka 2020 na za empagliflozin Machi 2025, na bei ikashuka sana. Dawa hizi hutoa sukari ya ziada kupitia mkojo na husaidia kulinda moyo na figo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Semaglutide nayo iko njiani. Hataza zake katika masoko makubwa kama India, China na Brazil zinafikia mwisho mwaka 2026. Septemba 2025 WHO iliweka dawa za kundi hilo kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili walio na matatizo ya moyo au figo pamoja na unene. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 walikadiria kwamba dozi ya mwezi ya semaglutide inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola tano, faida ya mtengenezaji ikiwa ndani yake.

Mahitaji hayatapungua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) linakadiria kwamba watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na kisukari mwaka 2024, takriban milioni 25 wakiwa katika kanda ya Afrika. Ifikapo 2050, idadi ya kanda hiyo inatarajiwa kufika karibu milioni 60.

Zinazokuja na zinazodanganya

Mei 2024 Ulaya iliidhinisha insulini ya kuchoma mara moja kwa wiki, icodec. Miezi michache baadaye Marekani ilikataa kuipitisha kwa wakati huo na kutaka maelezo zaidi, hasa kuhusu wagonjwa wa aina ya kwanza, ambao sukari yao inaweza kushuka kupita kiasi. Ipo pia teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha aina ya kwanza kwa walio na dalili za awali, kuanzia miaka minane. Bei yake ilitangazwa kuwa karibu dola 194,000 kwa matibabu ya siku 14. Kwa familia nyingi za hapa, hiyo bado ni habari ya kusoma tu.

Iliyo karibu zaidi ni hatari ya dawa bandia. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano za kupunguza unene zinazouzwa kwa ujumbe wa simu, bila jina la mfamasia wala risiti, hazifai kuingia kwenye nyumba yenye mtoto. Na hata iliyo halali haichukui nafasi ya insulini kwa mwenye aina ya kwanza. Mzazi akiambiwa na muuzaji kwamba mtoto aache insulini atumie hii, ajue anadanganywa.

Mzazi ajipange vipi

Kwanza, ajue jina kamili la insulini ya mtoto, siyo rangi ya kifuniko tu. Ipo ya maji maangavu na ipo yenye ukungu, na hazifanyi kazi kwa mwendo mmoja. Jina liandikwe kwenye daftari.

Pili, apige hesabu. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Mtoto anayetumia uniti 25 kwa siku atatumia 700 ndani ya wiki nne, na kwa kawaida kichupa kikishafunguliwa hakitakiwi kutumika zaidi ya muda huo. Akijua hesabu hii, ataona mapema kama dawa haitafika tarehe ya kliniki.

Tatu, mtoto akihamishwa kutoka kalamu kwenda kichupa, mzazi asiondoke bila kuonyeshwa kwa vitendo. Bomba liwe la insulini ya uniti 100. Achore mbele ya muuguzi mpaka wote waridhike.

Nne, pasipo na friji, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, husaidia kupunguza joto. Insulini isikae juani wala isigande.

Tano, aulize kliniki mapema: mpango wa msaada unamfikisha mtoto umri gani, na bima ya familia inalipia nini baada ya hapo? Swali hili liulizwe mtoto akiwa na miaka 12, si siku anayoambiwa jina lake limetoka kwenye orodha.

Bibi anaweza kusubiri nakala za bei nafuu huku akiendelea na metformin yake. Mjukuu hana muda huo. Sindano yake ya jioni ni leo, saa moja, kabla ya chakula.