Usitoe sakafu ya mninga kwa bei ya kuni

Kama umerithi au umenunua nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao na unataka kuikarabati, soma hapa kabla hujamwita fundi wa kuvunja.

Mapatano ninayokutana nayo sana ni haya: fundi avunje bure, mabaki yote yawe yake. Mwenye nyumba anafurahi kwamba ameokoa hela ya vibarua. Kwa maoni yangu ameuza mali bila kuuliza bei. Mbao zile zile "chakavu" zikipigwa randa zinarudi mtaani zikiwa milango na meza ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzinunua.

Chukua mninga. Mche wake porini hukauka juu na kuchipua tena kutoka mzizini kwa miaka kadhaa kabla haujaanza kurefuka. Hadi ufikie unene wa kupasua mbao, aliyeuona ukichipua ameshazeeka. Tena ubao wa zamani umekauka kabisa, haupindi ovyo kama huu unaouziwa leo ungali na maji.

Kwanza kwangua kwa kisu upande wa chini uone rangi halisi. Kisha choma kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, pameoza. Ukiona matundu madogo na unga laini kwenye sehemu nyeupe ya pembeni, ni bungua. Usitupe ubao wote. Kata weupe, mara nyingi kiini kiko salama.

Anza kung'oa ukutani. Weka tarimbo karibu na msumari, si katikati, maana ulimi wa ubao ukivunjika hautaungana tena na mwenzake. Misumari ivute kwa koleo kutoka upande wa chini, uso usichanike, halafu pitisha sumaku. Msumari mmoja uliobaki unaharibu kisu cha mashine ya randa, na fundi atakudai. Panga mbao kivulini juu ya matofali, ukiweka fito kati yake, mbali na mchwa.

Hapa nitatofautiana na wengi: si lazima sakafu irudi kuwa sakafu. Zege lisilo na nailoni chini yake hupandisha unyevu na mbao huvimba. Bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta matone chini yake, peleka mbao kwenye milango, ngazi au kabati, na sakafuni weka marumaru.

Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu. Vumbi la mvule nalo huwasha ngozi na kuleta kikohozi, vaa barakoa.

Kama utazihamisha, piga picha za nyumba kabla ya kuvunja, andikianeni mkataba, na upite ofisi ya TFS kuuliza kuhusu hati ya kusafirishia kabla ya kupakia. Askari wa kizuizini anaona mninga tu juu ya gari. Hajui kwamba jana ulikuwa sebuleni.