Uongo Wetu Ulimwokoa Diwani Wao



Nianze na la kwangu kabla sijamgusa mtu. Mwaka jana nilisambaza kwenye makundi matatu ya WhatsApp picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti moja kubwa la hapa nchini. Kichwa cha habari kilisema diwani wa kata yetu, wa chama tawala, amekula mamilioni kwa kuuza eneo la wazi la mtaa. Ukurasa ule haukuwahi kuchapwa popote. Mwenzetu mmoja aliutengeneza kwa simu yake usiku, na mimi nilijua. Nilicheka, nikatuma.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Eneo lile lilikuwa limezungushiwa mabati kweli. Watoto waliokuwa wanacheza mpira pale wamehamia barabarani kweli. Na tulikuwa na nakala ya muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye muhuri, unaoonyesha wananchi walikataa eneo lisiguswe. Kuna dada mmoja mwandishi, wale wanaolipwa kwa habari moja moja, alikuwa analifuatilia kwa wiki mbili kwa nauli yake mwenyewe. Alishapiga picha, alishaongea na wazee, alishapeleka maswali ya maandishi halmashauri. Alikuwa anasubiri majibu tu.

Ukurasa wetu ukavuma siku moja. Kesho yake gazeti likaukana. Diwani akapata alichokuwa anakitafuta. Akasimama mbele ya watu akasema, mmeona wenyewe, hawa kazi yao ni kutunga. Mhariri akamwambia yule dada aachane na habari hiyo, kwa sababu ikitoka sasa itaonekana gazeti linaufuata uzushi wake lenyewe. Mabati yapo mpaka leo.

Najua mnachotaka kuniambia. "Mbona wao wanafanya makubwa zaidi?" Ni kweli, wala sibishi. Januari 2016 serikali ilisimama bungeni ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja kwa siku nzima, eti gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka na mchana watu wanatakiwa kufanya kazi. Tukabaki na vipande vya usiku vilivyokwisha kukatwa. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku, tukakaa hivyo mpaka Januari 2023. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2017 peke yake Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa. Mwaka 2018 mtu mwenye blogu ya kuandika maoni yake akaambiwa alipie zaidi ya shilingi milioni 2 ili apate leseni. Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Septemba 2012. Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti, Novemba 2017, na familia yake bado haijaambiwa yuko wapi.

Hayo yote nayajua, na wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Siyasemi ili tufanane nao. Nayasema kwa sababu tumeyageuza kuwa ruhusa. Kila kijana akikamatwa na uongo mkononi anajibu kwa kutaja uongo wa upande ule.

Nirudi nyuma kidogo. Novemba 2014 nilikuwa naangalia Bunge kwenye banda la chipsi, jirani na hosteli. Tumebanana, mwenye banda analalamika tunajaza viti bila kununua, hakuna anayeondoka. Ilikuwa ripoti ya Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka kwenye akaunti Benki Kuu, na Kamati ya Hesabu za Serikali ilikuwa inaeleza zimekwenda wapi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zitto Kabwe, wa upinzani. Makamu wake alikuwa marehemu Deo Filikunjombe, wa CCM, na hakuna aliyemzidi ukali siku zile. Walikuja na ukaguzi wa CAG na nyaraka za benki. Wabunge wa serikali nao wakajibu kwa hoja zao za kisheria. Sisi tukiwa pale bandani tukabishana mpaka usiku, na nakumbuka jamaa mmoja wa CCM alitushinda kwenye kipengele kimoja cha kodi. Tulimpigia makofi. Jamani, nani kati yetu leo anampigia makofi mtu wa CCM kwa kushinda hoja? Utaitwa pandikizi kabla hujamaliza kupiga.

Baada ya pale Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akatenguliwa, mwingine akajiuzulu. Hakukuwa na ukurasa wa kutunga hata mmoja. Hakuna aliyeweza kusema ni uzushi, kwa sababu karatasi zilikuwa mezani.

Halafu ukaja 2015, na hapa ndipo wengi mtanikasirikia.

Tarehe 15 Septemba 2007, Mwembeyanga, Dk. Slaa alisoma majina ya aliowaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwemo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Richmond. Kwa miaka saba tulizunguka nchi nzima tukilitumia jina lile. Mimi nililijua neno Richmond kabla sijaijua hesabu ya logarithimu. Julai 2015 akahamia kwetu, akawa mgombea wetu wa urais kwa mwamvuli wa UKAWA. Kama tulikuwa tumekosea kumhukumu, tungesema tumekosea na kwa nini. Kama hatukukosea, tungeeleza kwa nini tumempokea. Hatukufanya lolote kati ya hayo. Tulinyamaza, kisha tukaanza kuwatukana waliouliza. Dk. Slaa alipojitenga tukamwita kila jina. Nikiwa na miaka 21 niliandika kwamba amenunuliwa, sina ushahidi wowote, na nikapata watu wengi wa kuniunga mkono kuliko siku yoyote niliyowahi kuandika ukweli. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Wote sasa tukawa hatuna la kusema, maana tulishatumia maneno yetu yote kwa pande zote mbili.

Marehemu apumzike. Tatizo langu si yeye, ni sisi tuliojifunza kwamba jina la fisadi linafutika mtu akibadili shati.

Tunawacheka machawa wao, na kweli wanachekesha, mtu mzima na shahada yake anashindana kumsifu kiongozi kuliko mwenzake. Lakini chawa ni yeyote anayeishi kwa damu ya mwingine, hata akivaa kombati. Sisi nao tunao wa kwetu. Kiongozi wetu akisema takwimu isiyo sahihi, utamsikia nani anamsahihisha?

Na waandishi tunaowaita makanjanja, hebu tuseme nani anawalea. Mimi nimekuwa nikishughulikia mikutano yetu na wanahabari kwa miaka miwili. Mimi ndiye nilikuwa nagawa bahasha. Tunaiita "nauli". Mwandishi anafika, anasaini daftari, anachukua bahasha na karatasi ya taarifa yetu, anaondoka kabla ya kipindi cha maswali. Siku moja niliandika jina la kijiji vibaya kwenye taarifa, na kesho yake likatoka gazetini vilevile, na kosa langu ndani yake. Nilifurahi kwamba tumetoka. Sikujiuliza kama mtu yule ananakili hivi kwetu kwa elfu ishirini, ananakili nini kwa wenye elfu hamsini.

Wapo wasiochukua. Yule dada wa habari ya mabati hakuchukua kwetu hata siku moja, na nakiri tulikuwa tunamsema vibaya. Tulisema anajidai. Alikuwa na kawaida ya kuuliza, "Hii umeiona kwa macho au umeambiwa?" Swali hilo lilikuwa linatukera.

Mwaka 1995 wagombea wote wanne wa urais, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikaa kwenye mdahalo mmoja Dar es Salaam, wakaulizwa, wakajibu. Tangu hapo nchi hii haijaona tena wagombea wakubwa wakikabiliana hivyo, na mwaka 2015 Magufuli na Lowassa hawakuwahi kusimama jukwaa moja. CCM wana lawama kubwa zaidi kwa hilo. Lakini sisi kwenye tawi letu tuliwahi kualikwa na vijana wao tujadili maji ya kata, tukakataa, eti tutawapa kiki. Sababu halisi ilikuwa kwamba hakuna kati yetu aliyejua idadi ya visima vinavyofanya kazi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule dada. Nilimwambia ukurasa ule ulitoka kwetu, na mimi nilikuwa najua. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilipoteza mwezi mzima wa kazi. Mhariri hadi leo hanipi habari za kata ile." Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama muhtasari wenye muhuri bado ninao.

Ninao. Jumamosi kuna mkutano wa mtaa, saa nne asubuhi, pale ofisi ya serikali ya mtaa. Nitaupeleka, nitausoma, na nitasema mbele ya diwani kwamba ule ukurasa wa gazeti tuliutunga sisi. Baadhi ya viongozi wa tawi wameniambia nikifanya hivyo nisirudi. Anayetaka kuja tukae pamoja, aje.