Mzizi wa Dengu na Ubao wa Mwalimu

Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya Kanda ya Ziwa, nilimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la mizizi. Mchoro wake ubaoni ulikuwa safi, na sehemu zote zilikuwa na majina. Alipokwisha kueleza kwamba mmea hunywa maji ya mvua kwa mizizi yake, mtoto mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu, baba hupanda dengu mvua zikiisha. Sasa hunywa nini?" Mwanachuo alijibu kwamba hilo halimo katika somo la siku ile. Mtoto akaketi, wala hakuuliza tena hadi kengele ilipolia.

Simlaumu mwanachuo yule. Alifundisha kama tulivyomfundisha sisi wakufunzi. Lakini swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, nasi tulilipoteza.

Jibu lake limo ardhini. Wakulima wa Shinyanga na Mwanza hupanda dengu katika udongo mweusi wa mbuga mvua zinapoelekea kukoma, mara nyingi baada ya mahindi au mpunga. Udongo huo ni mfinyanzi mzito. Hufura unapolowa, hupasuka unapokauka, na huhifadhi maji mengi chini. Dengu ina mzizi mkuu ambao, udongo ukiuruhusu, huweza kupita kina cha mita moja. Tabaka la juu likikauka, mzizi huendelea kuteka maji ya chini. Kwa hiyo mmea huishi kwa akiba, kama vile nyumba iishivyo kwa ghala baada ya mavuno.

Hapa ndipo walimu wengi tunapokosea. Tunasema kwamba zao linalostahimili ukame halihitaji maji. Si kweli. Kuna zao linaloukwepa ukame kwa kukomaa mapema. Kuna linaloufuata unyevu chini kwa mizizi mirefu. Na kuna linalovumilia hata tishu zake zinapopungukiwa maji. Tena, mzizi mrefu pekee hautoshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wataalamu wa ICRISAT huko Patancheru, India, waliona kwamba dengu zilizozaa vizuri katika ukame wa mwisho wa msimu zilitumia maji kidogo zaidi zilipokuwa changa, zikabakiza akiba ya wakati wa maua na wa kujaza punje. Anayemaliza ghala mapema hana cha kula siku ya njaa, hata awe na mkono mrefu namna gani.

Maoni yangu ni kwamba somo hili lianzie shambani, na ubao ufuate baadaye. Wanafunzi wapande mstari wa dengu katika shamba la shule. Maua yanapochanua, wachimbe kando ya mstari mtaro usiozidi kimo cha kiuno chao, kwa maana kuta za mtaro mrefu huweza kuporomoka. Waondoe udongo polepole kwa kijiti na maji, wapime kina cha mizizi kwa rula, na watazame vinundu ambamo bakteria huunganisha naitrojeni ya hewa. Ndipo wachore walichokiona.

Kisha wapime maji. Wachukue udongo wa juu, wa kati na wa chini, waupime kila mmoja kwa mizani, waukaushe katika kopo juu ya moto wa makaa chini ya uangalizi wa mwalimu, na kuupima tena mpaka uzito usibadilike. Ikiwa gramu 100 za udongo zimebaki gramu 80, maji yaliyotoka ni gramu 20. Asilimia ya unyevu ni 20 gawanya kwa 80, yaani 25, wala si 20. Kwani tunalinganisha maji na udongo mkavu. Kipimo kikirudiwa kila baada ya majuma mawili, darasa litaona unyevu ukipungua juu kwanza, kisha chini. Hapo hesabu na kilimo vitakuwa vimekutana bila kulazimishwa.

Nitaambiwa kwamba muda hautoshi, madarasa ni makubwa na mitihani haisubiri. Najua. Lakini mtaro mmoja hutosha darasa zima wakienda kwa makundi, na kopo si kifaa cha maabara. Isitoshe, muda tunaoutumia kurudia mchoro uliosahauliwa ni mwingi kuliko wa kuchimba mara moja. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Mahali pengi tukaligeuza kuwa mahali pa adhabu. Mtoto aliyezoea kushika jembe kwa sababu ya kuchelewa hawezi kuliona kuwa chombo cha kuulizia maswali.

Baba wa mtoto yule anajua siku ya kupanda, ingawa huenda hajui kueleza kwa maneno ya sayansi. Shule ina maneno hayo, ila mara nyingi haimjui baba. Kazi ya mwalimu ni kuwakutanisha. Tukiendelea kumwambia mtoto kwamba shamba la kwao halimo katika somo, atatuamini. Naye atakua akidhani kwamba elimu ni kitu cha ubaoni, na kwamba baba yake hupanda kwa kubahatisha.