Dada wa Haisi, kadi ya gari ina jina la nani?

Haya wadau wangu wa Mara, nimekaa kimya siku nne nawasoma tu mnavyobishana kuhusu wale wapenzi wa Nyasho waliomrudishia mwenye nyumba funguo zake wakahamia kwenye Haisi. Majina siweki, wenyewe wanajijua na nyie mnawajua. Kwa uliyekuwa shamba: kaka na dada wamenunua Haisi iliyochoka, wakang'oa siti zote, wakatandika godoro, wakafunga sola juu, jiko la gesi nyuma, na mapazia ya maua madirishani. Wanasema ndo makazi yao hayo, siyo ya wikiendi, ni moja kwa moja. Picha ya kwanza wakapiga Butiama, ya pili Bunda mbele ya sahani ya sato, ya tatu jua linazama ziwani hapa hapa Musoma.

Mmegawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema kodi imewashinda wanajificha kwenye mapicha. Na kuna wanaomwaga vikopa kwamba hayo ndo mapenzi ya kweli. Mi naona mmekosea wote.

Nianze na nyie wacheka. Kulala kwenye gari mmeanza kuona ajabu leo? Madereva wa malori ya Sirari wanalala humo humo kwenye vichwa vya malori miaka nenda miaka rudi, hamjawahi kuwaita vichaa. Mzungu akipita na gari lake lenye hema juu ya paa mnampungia mkono na watoto mnawabeba wamuone. Akifanya mtu wa Nyasho, kachanganyikiwa! Na hiyo kodi mnayojivunia, si ndo ile mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, ukimaliza kulipa bomba halitoi maji? Mtu akikaa chini akapiga hesabu akaona bora gari, ana akili zake timamu.

Na nyie wa vikopa, hebu punguzeni. Huu mtindo ulivuma kule Marekani kuanzia 2011, jamaa mmoja anaitwa Foster Huntington aliacha kazi New York akahamia kwenye gari akawa anaposti picha. Picha nzuri kweli. Ila kuna filamu inaitwa Nomadland, ilichukua Oscar ya filamu bora 2021, itafuteni. Humo wanaoishi kwenye magari wengi ni wazee, wengine waliharibikiwa na ule msukosuko wa uchumi wa 2008, wanazunguka wakitafuta vibarua vya msimu. Gari ni lile lile, sababu za kuingia humo ndo tofauti. Joto la bati saa nane mchana sisemi, choo sisemi, na wanaooga ziwani kila asubuhi kichocho wanakijua wenyewe. Hayo ni yao, ni watu wazima.

Linaloninyima usingizi ni lile alilosema dada mwenyewe kwenye video, tena anacheka: "Mimi nimeuza saluni, yeye kanunua gari, tumekuwa kitu kimoja."

Wangapi mlilisikia hilo mkalipita?

Dada kauza draya mbili, viti, kioo kikubwa na jina alilolijenga kwa wateja. Hela yake ikaenda kwenye godoro, sola, betri, mbao, mapazia. Hela ya kaka ikaenda kwenye gari lenyewe. Yaani hela ya kaka imeingia kwenye kitu chenye kadi, ya dada imeingia kwenye kitu kisicho na kadi. Godoro lililolaliwa mwaka mzima ukienda kuliuza utapewa nini? Haisi hata ikichoka vipi, ina mnunuzi.

Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria sikusomea. Ila kusoma najua, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nimeisoma kwa simu hii hii. Imetungwa enzi za Mwalimu, huyo huyo ambaye mlienda kupigia picha kijijini kwake Butiama. Kifungu cha 59 kinasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa, wala kuigawa, wala kuipangisha, wala kuiweka rehani bila mwenzie kukubali, hata kama nyumba ni ya kwake peke yake. Safi kabisa. Ila rudi mwanzo wa sheria uangalie nyumba ya ndoa ni nini. Ni jengo, au sehemu ya jengo, wanamoishi mume na mke. Jengo, jamani. Haisi siyo jengo.

Na hapo bado hatujauliza ndoa iko wapi. Wenyewe wamesema itafuata. Wameishi pamoja Nyasho mwaka na ushee. Kifungu cha 160 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, mtahesabiwa mmeoana mpaka ithibitike vinginevyo. Sasa watu gani watawatambua mkiwa leo Bunda, kesho Tarime, keshokutwa hamjulikani? Jirani unayemkwepa kwa umbea ndo huyo huyo atasimama mahakamani aseme nilikuwa nawaona, huyu alikuwa mkewe.

Mama yangu mdogo yupo Bunda. Mumewe aliwahi kupata mnunuzi wa nyumba wakati yeye yuko msibani. Bei wamekubaliana, soda wamekunywa. Walivyofika ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana, mwenyekiti akauliza swali moja tu, mkeo yuko wapi? Biashara ikafia hapo. Mama mdogo mpaka leo yumo kwenye nyumba ile na anafuga kuku nyuma. Gari nani atauliza hivyo? Wanaume wawili wanakutana Makutano, wanafungua boneti, wanasikiliza injini, hela inahesabiwa, na mwenye mapazia ya maua anabaki barabarani na sufuria zake.

Najua kuna watakaosema mbona mahakama inagawa mali. Ni kweli inagawa, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 hata kazi za nyumbani zinahesabika kwamba umechangia. Lakini kwanza lazima uonekane mke, halafu hicho cha kugawana kiwe bado kipo. Ukifungua kesi leo na gari liliuzwa jana, utamfukuzia mnunuzi wapi?

Kaka, sijakuita tapeli. Inawezekana unampenda kuliko tunavyojua. Ndo maana haitakuwa tabu kwako kwenda na mwenzio kwa wakili, mkaandika kwamba gari ni la wote wawili, nani katoa shilingi ngapi na atarudishiwa nini mkishindwana. Na wewe dada, zile risiti za sola na godoro na meseji za miamala ya simu usifute. Na kioo cha saluni kama aliyenunua bado hajamaliza kulipa, hebu mwambie mazungumzo yamebadilika.

Haya yote nimemwandikia inboksi juzi usiku. Kasoma, hajajibu. Jana wameposti wapo karibu na geti la Ndabaka, nyani kakaa juu ya sola.