Bendi Imekufa, Albamu Bado Inapiga Kelele

Ukitaja panki kwa vijana wengi wa mjini, cha kwanza kuwajia kichwani ni ule mnyoo wa nywele. Kumbe ni muziki, tena wa fujo kinoma. Magitaa yanakwaruza, ngoma fupi fupi, na hasira tupu. Na wanaodhani ni mambo ya Wazungu wa London peke yao, hawajakutana na National Wake.

Bendi hii ilizaliwa Johannesburg mwaka 1979. Mzungu mmoja mpiga gitaa aliungana na ndugu wawili weusi, mmoja kwenye besi, mwingine kwenye dramu. Leo unaona kawaida tu, ila kipindi kile ubaguzi wa rangi ulikuwa ndiyo sheria ya nchi. Mweusi na mweupe hawakuruhusiwa hata kukaa mtaa mmoja. Hawa wakapanga nyumba moja, wakala pamoja, wakafanya mazoezi pamoja. Polisi wakawa hawakauki mlangoni.

Mwaka 1981 wakatoa albamu yao moja, yenye jina la bendi. Ziliuzwa nakala kama 700 tu, ikabanwa. Mwaka uliofuata bendi kwisha habari yake.

Sasa hapa ndipo mashabiki wengi wanapokosea. Kundi likivunjika, watu wanakimbilia kuuliza nani alimzingua nani, nani alikula hela, lini watarudiana. Ukirudi kwenye albamu unaisikiliza kama uko msibani. Kila ngoma unatafuta dalili za bifu. Huo si usikilizaji, huo ni umbea.

Irudie hii albamu ukiwa umetulia uone. Sauti yake si safi kama za studio za leo, huo ndio ukweli. Lakini sikia besi inavyotembea kama rege, mara dramu inashika midundo ya Kiafrika, halafu gitaa linakuja kuvuruga kila kitu. Kuna ngoma inaitwa International News, inawasema waliokuwa wakificha habari za vita na vurugu ili raia wasijue kinachoendelea. Mtu wa leo anayeishi na simu mkononi, na anajua intaneti ikizimwa inakuwaje, hahitaji kutafsiriwa.

Hawa hawakuvunjika kwa sababu ya mademu wala mameneja. Walibanwa kila kona mpaka wakachoka. Na habari ya kurudiana haipo tena, maana wale ndugu wawili wote wameshatangulia mbele za haki. Kazi zao zilikuja kutolewa upya mwaka 2013, zaidi ya miaka 30 baadaye, ndipo dunia ikashtuka.

Kwa hiyo albamu ya bendi iliyovunjika si kaburi. Ni ile nyumba yao. Ukibonyeza, wote wamo ndani, mweusi na mweupe, wanapiga kelele pamoja, na polisi hawawezi tena kugonga mlango.

Wasanii wa huku nao wanagombana na kutengana kila siku. Waacheni waende zao. Kama walifanya kazi ya maana wakiwa pamoja, hiyo hakuna wa kuivunja.

Unasemaje mdau, kuna albamu ya kundi lililokufa ambayo bado unairudia?