Farasi Mweupe na Jua la Jioni



Juma lililopita kijana mmoja wa jirani alikuja kwangu na simu yake ya mkononi, akaniomba nimtazamie picha. Ilikuwa picha ya punda wa mama yake. Punda huyo amewabebea maji tangu kijana alipokuwa darasa la pili, na sasa kijana mwenyewe ana ndevu. Baada ya mavuno atauzwa, maana karo ya mdogo wao yadaiwa, na jamaa wa kijiji cha pili amekwisha kumtaka. Mama ataka picha ya ukumbusho, basi. Kijana akampiga saa sita mchana, mlangoni pa nyumba. Nikaitazama: masikio mawili na kivuli cheusi, kama mtu aliyechonga punda katika kipande cha makaa. Macho hayaonekani kabisa.

“Mzee, simu yangu mbovu,” akaniambia.

“Simu yako nzima,” nikamjibu. “Ubovu uko katika saa uliyoichagua.”

Nikamwambia angoje gazeti. Mambo haya mimi nilijifunza kwa farasi, tena kwa aibu, na afadhali niyaeleze mara moja kwa wote.

Najua farasi kwetu ni wachache. Wengi wetu twamjua kwa picha ya Mtakatifu Martini akikata joho lake kumgawia maskini, au ya Mtakatifu Jorji na joka lake. Sababu moja kubwa ni ndorobo. Nzi huyu huchukua ugonjwa wa nagana, na farasi akiupata mara nyingi hufa. Lakini ziko nchi ambako farasi ni kama ng'ombe kwetu, na mojawapo nilipata kuiona nilipokuwa masomoni Ufaransa, nikakaa siku kumi nyumbani kwa mzee mmoja mchungaji.

Nchi hiyo huitwa Camargue. Iko kusini kabisa, mahali ambapo mto Rhône, ukiisha kufika mji wa Arles, hugawanyika mikono miwili kabla ya kuingia baharini. Katikati ya mikono hiyo nchi ni tambarare tupu: matete, matope, na maziwa ya maji ya chumvi yasiyo na kina kirefu. Watu hulima mpunga, huvuna chumvi, hufuga ng'ombe weusi wenye pembe zilizoelekea juu. Heroe wapo kwa maelfu, ndege wa rangi ya waridi, jamaa ya wale tunaowajua Ziwa Natron. Na mbu! Wanatoka jioni, saa ileile anayoitaka mpiga picha. Mimi niliyezaliwa kando ya mbuga ya mpunga nilidhani nawajua mbu. Nilikuwa siwajui.

Farasi wa huko ni wafupi. Mabegani hupata sentimeta 135 hata 145 hivi. Huzaliwa weusi au wa rangi ya udongo, kisha mwaka hata mwaka manyoya hugeuka mpaka wanakuwa weupe. Ngozi chini ya manyoya hubaki nyeusi, na ndiyo sababu pua na kingo za macho zao ni nyeusi kama zimepakwa wanja. Wachungaji huwapanda kuchunga ng'ombe, na tarehe 24 na 25 Mei huingia nao baharini katika maandamano ya mahujaji, huko Saintes-Maries-de-la-Mer, wakisindikiza sanamu ya Sara, na kesho yake sanamu za Maria wa Yakobo na Maria Salome. Mwaka 1953 ilitoka sinema ya Albert Lamorisse juu ya mtoto mvuvi na farasi mweupe wa nchi hiyo, na tangu hapo wapiga picha hawakuisha kwenda.

Mwenyeji wangu alikuwa na farasi wa miaka 27. Kwa farasi huo ni uzee mkubwa. Alikuwa hapandwi tena. Alikula taratibu nyuma ya nyumba, na asubuhi mzee alimpelekea kipande cha mkate mkavu. Alipoona nina kamera nzuri aliniomba neno moja tu: nimpigie picha farasi huyo, kwa sababu hakutumaini atamaliza kipupwe kijacho. Nikakubali upesi, kama vijana wanavyokubali.

Jioni ile nikasikia ya kuwa kundi la farasi litakimbizwa majini karibu na hapo, kwa ajili ya wapiga picha waliolipa. Nikaenda. Tulisimama safu moja, maji kwenye vifundo, jua likishuka. Wachungaji wakawaleta farasi mbio moja kwa moja kuelekea kwetu, maji yakiruka juu ya vichwa vyao, na kila tone likawaka kama cheche. Sitawaficha: ilikuwa nzuri mno. Nilipiga bila kuhesabu. Kisha wakarudishwa wakaletwa tena, na tena. Mara ya tano mwana-farasi mmoja mweusi alibaki nyuma ya mama yake mdomo wazi, nami ndipo nilipoanza kutazama macho yao badala ya yale maji. Bwana mmoja karibu nami akadai walete mara ya sita, kwa kuwa eti wingu lilimharibia. Sisemi kila anayefanya kazi hiyo ni mkatili. Wachungaji wengi wanawapenda wanyama wao na hujua kikomo. Nasema tu, mnyama aliyechoka huonekana picha nzima.

Basi nikamkumbuka yule mzee na ahadi yangu. Nikarudi mbio. Nilipofika nyuma ya nyumba jua lilikuwa limekwisha kuzama, farasi anaonekana kama shuka lililoanikwa gizani. Nikafanya jambo la kipumbavu: nikawasha taa ya kamera, nikapiga karibu na uso wake. Akatupa kichwa, akarudi nyuma, akajigonga katika boma. Mguu ulichubuka kidogo. Mzee hakunigombeza. Alimshika farasi singa za shingo, akamsemesha kwa sauti ya chini, kisha akaenda kutafuta dawa. Usiku ule chakula hakikupita kooni.

Siku tatu zilizofuata upepo ulivuma. Wanauita mistral, washuka na bonde la mto kutoka kaskazini, wafagia mbingu zikabaki buluu safi, lakini farasi kwenye upepo huo huupa makalio na kuinamisha kichwa, na picha ya makalio hakuna aliyeniomba. Nikakaa ndani nikifikiri. Nilijiuliza: kwani nini hasa ninaitafuta katika saa ile ya jioni?

Sababu ni hii. Jua likiwa utosini nuru yake hutoka juu moja kwa moja. Huangaza mgongo, hutia kivuli machoni, tumboni na miguuni, ndiyo yale makaa ya kijana wetu. Jua likiwa chini, nuru hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Njiani ile rangi ya buluu hutawanyika huku na huku, ikatufikia zaidi ile ya manjano na nyekundu. Tena hutoka upande. Nuru ya upande hupapasa mwili kama kiganja: kila mshipa, kila mbavu, kila kovu hupata upande wa nuru na upande wa kivuli, na jicho hupata cheche yake. Farasi mweupe, ambaye mchana ni kama karatasi, jioni huwa rangi ya asali.

Lakini saa hiyo ni fupi, na kwetu ni fupi kuliko kwao. Nyosha mkono mbele yako, weka vidole vitatu vilivyolala kati ya jua na ukingo wa dunia. Toka hapo mpaka jua kuzama, katika nchi zetu za karibu na ikweta, haifiki nusu saa, maana jua letu huanguka wima kama embe. Kule Camargue mwezi wa Mei jua huteremka mshazari, kama mzee ashukaye kilima, na vidole hivyo vitatu hupata karibu dakika arobaini. Tena lazama yapata saa tatu za usiku kwa saa yao. Kwa hiyo sisi wa huku hatuna budi kuwa tayari mapema zaidi.

Tena nuru ya jioni ni haba. Mwaka 1878 huko California Bwana Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi safu moja kando ya njia, farasi akipita anazifyatua kwa nyuzi, akaonyesha ya kuwa mbioni huja wakati miguu yote minne imeacha ardhi. Tena si pale imenyoshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea, bali pale imekusanyika chini ya tumbo. Kazi hiyo aliifanya kwenye jua kali. Kumgandisha farasi wa mbio mlango wa kamera hufunguka kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na jua likizama nuru haitoshi. Farasi atembeaye huridhika na sehemu moja ya 250. Aliyesimama, hata sehemu moja ya 125. Kwa maneno mengine, jioni ni saa ya mnyama aliyetulia. Mbio za majini nilizozililia zilikuwa kazi ya saa moja kabla, na farasi mzee ndiye aliyekuwa wa dakika zile za mwisho.

Siku ya nne upepo ukatulia. Nikaenda mapema, jua lingali juu, nikaketi nyasini kamera mapajani. Si mbele yake kabisa wala nyuma yake, maana farasi macho yake yako pembeni; huona karibu pande zote, ila palepale mbele ya paji na palepale nyuma ya mkia haoni, na kitu kikitokea hapo hushtuka. Nikakaa ubavuni, ananiona. Kwa muda mrefu alinikumbuka kwa yale ya taa. Sikio moja lilinielekea daima. Sikio la farasi ni kama kidole, laonyesha anachofikiri. Nikanyamaza, nikawapa mbu damu yangu. Hatimaye akarudia kula.

Nikatazama nyuma yake. Upande mmoja palikuwa na gari bovu na matangi ya plastiki. Nikahama hatua sita, nyuma yake yakabaki matete tu yenye kivuli. Nikapiga magoti, kamera ikawa sawa na kifua chake, kwa sababu ukimpiga ukiwa umesimama humfanya mfupi. Sikumsogelea mno: lenzi ya karibu humkuza pua ikawa kama kibuyu. Kamera nayo ina ujinga wake. Ikiona weupe mwingi hudhani nuru imezidi, ikapunguza, farasi akawa wa kijivu. Ikiona giza jingi nyuma yake huongeza, farasi akaungua akawa doa jeupe lisilo na manyoya. Nikapunguza kidogo, kwa ajili ya yale matete meusi.

Vidole vitatu, viwili. Asali ikaja mgongoni. Mzee akatoka jikoni na kipande chake cha mkate, hajui kama niko tayari, akaita kwa mdomo kama aitavyo kila siku. Farasi akainua kichwa, masikio yote mawili mbele, singa zikawaka ukingoni. Nikabonyeza mara tatu. Ya nne tayari alikuwa anatafuna.

Mama wa nyumba alipoitazama hakusema neno juu ya nuru. Aliweka kidole juu ya kovu la bega, lililochongwa vizuri na lile jua la upande, akanihadithia fahali aliyelifanya, na mwaka, na jinsi mume wake alivyorudi kwa miguu akimwongoza farasi huyo usiku kucha. Kwa miezi mingi hawakuwa wamelitaja. Mwezi wa Januari niliandikiwa barua ya kuwa farasi amekufa usingizini, na picha iko juu ya meko.

Sasa, kijana wangu wa punda. Leo jioni mtoe mlangoni, mpeleke pale uwanjani kwenye njia ya kisima, mgomba uwe nyuma yake mbali, si ukuta wa bati. Saa kumi na mbili kasorobo uwe umekwisha kufika. Jua liwe ubavuni pako, limpige ubavuni naye. Ndipo ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani utaonekana. Futa kioo cha simu kwa kanga safi. Piga goti. Gusa kwa kidole uso wa punda juu ya kioo, na ukiona anaungua, vuta nuru ishuke. Taa ya simu usiiwashe. Mama yako asimame karibu na kichwa, ashike kamba kama anavyoishika kila siku akienda kisimani, wala usimwambie atabasamu. Amwite tu punda jina lake. Na hao watoto wanaopenda kuingia katika kila picha, wape maindi wakae nyuma yako.

Mawingu yakifunga leo, nenda kesho. Mavuno bado majuma mawili.